Punguzo la Bei kwa Wafanyakazi wa Maduka: Zawadi ni Ipi, Haki ni Ipi?

Msimu wa Krismasi unapokaribia, maduka makubwa na ya jumla jijini Kisumu huongeza wahudumu. Vijana wengi kutoka Nyalenda, Manyatta, Kondele na hata Ahero hupata kazi yao ya kwanza ya mshahara nyuma ya kaunta. Wakati wa mahojiano, meneja hutaja mshahara, kisha huongeza upesi: kuna punguzo la bei kwa wafanyakazi, chakula cha mchana, nauli ya zamu ya usiku, labda na unga na mafuta ya kupikia mwisho wa mwaka.

Ni mambo mema, na mwajiri anayeyatoa anastahili shukrani. Tatizo huanza pale marupurupu hayo yanapohesabiwa kama sehemu ya mshahara, au yanapotajwa ili mfanyakazi asiulize kuhusu yale ambayo sheria inamlazimu mwajiri kuyatoa. Hakuna sheria nchini Kenya inayomlazimisha mwenye duka kumuuzia mfanyakazi wake bidhaa kwa bei nafuu. Mshahara wa chini, nyumba au marupurupu ya nyumba, siku moja ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo kamili ni mambo ya lazima.

Tupige hesabu

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida katika Jiji la Kisumu kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Juu ya hapo, mwajiri asiyempa mfanyakazi nyumba anatakiwa kumwongezea asilimia 15 ya mshahara huo kwa ajili ya kodi ya nyumba, yaani takriban Sh2,417.

Sasa chukua mfanyakazi anayepewa punguzo la asilimia 10 na ambaye hununua vitu vya Sh4,000 kwa mwezi katika duka hilo. Anaokoa Sh400. Ili punguzo hilo lifikie zile Sh2,417 za nyumba, angelazimika kununua bidhaa za zaidi ya Sh24,000, fedha ambazo hazipati kwa mwezi mzima. Kwa hivyo ukiambiwa kwamba huna marupurupu ya nyumba kwa sababu "hapa tunawapa staff discount", jua umepewa Sh400 badala ya Sh2,417.

Keshia na wahudumu wenye ujuzi wana viwango vyao vya juu zaidi katika amri hiyo hiyo, na miji midogo nje ya jiji ina viwango vya chini zaidi. Uliza kiwango cha kazi yako kabla ya kutia sahihi.

Kulipwa kwa bidhaa

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 17, inataka mshahara ulipwe kwa fedha za Kenya. Vocha ya kununulia vitu katika duka la mwajiri haiwezi kuchukua nafasi yake. Mwajiri pia hana ruhusa ya kumlazimisha mfanyakazi atumie mshahara wake mahali fulani. Ukipendelea kununua omena na mboga Kibuye, hiyo ni hiari yako. Jambo hili lina historia ndefu: Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1831 kuwazuia wenye viwanda kuwalipa watu kwa bidhaa, kwa kuwa mfanyakazi aliishia kurudisha mshahara wote kwa tajiri yuleyule, tena kwa bei aliyopanga tajiri.

Kuchukua bidhaa kwa mkopo na kukatwa mwisho wa mwezi kunaruhusiwa ukikubali mwenyewe. Lakini makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Anayepata Sh18,530 pamoja na nyumba lazima abakiwe na angalau Sh6,176 mkononi. Makato yote yaonekane kwenye stakabadhi ya mshahara, ambayo ni haki yako kupewa.

Malalamiko ya kawaida katika maduka ni kukatwa kwa sababu ya bidhaa zilizopotea. Hesabu ya stoo inapungua, na wote waliokuwa zamu wanagawiwa hasara. Kifungu cha 19 hakisemi hivyo. Mfanyakazi anaweza kukatwa kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa makosa yake ya makusudi. Upungufu wa pesa unaweza kukatwa kwa yule ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa, na ambaye upungufu umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Kumkata mhudumu wa rafu kwa sababu mteja asiyejulikana aliondoka na sabuni ni jambo lingine kabisa.

Upande wa pili

Marupurupu yana masharti yake, na wapo waliopoteza kazi kwa kuyachukulia kwa wepesi. Kumnunulia jirani televisheni kwa punguzo lako, au kuweka pointi za mteja asiye na kadi kwenye kadi yako mwenyewe, kunaweza kuhesabiwa kuwa wizi. Vivyo hivyo kubeba mkate uliopitwa na muda bila idhini, hata kama ungetupwa. Omba kanuni za duka kwa maandishi. Hata ukituhumiwa, kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha unayoielewa, na kusikilizwa ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, kabla ya kufutwa.

Kuhusu kodi, manufaa yasiyo ya pesa taslimu hayatozwi ikiwa hayazidi Sh60,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka Sh36,000 mwezi Desemba 2024.

Punguzo lililoandikwa kwenye mkataba au makubaliano ya chama lina nguvu kuliko lililotajwa kwa mdomo, kwani mkataba hubadilishwa kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Wakaazi wa Kisumu wanakumbuka Nakumatt, iliyowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, kisha Tuskys iliyoporomoka baadaye. Duka likifilisika, mishahara ya miezi 4 ya mwisho huwa miongoni mwa madeni yanayotangulia, hadi kikomo cha kisheria. Punguzo la bei huisha siku milango inapofungwa.

Pa kwenda

Serikali ya Kaunti hutoa leseni za biashara, lakini masuala ya kazi yako chini ya Serikali ya Kitaifa. Peleka malalamiko katika ofisi ya Leba iliyoko Kisumu, ukiwa na mkataba, stakabadhi za mshahara na ujumbe wowote wa simu kutoka kwa meneja. Walio katika maduka makubwa wanaweza pia kujiunga na chama cha KUCFAW, kinachotetea wafanyakazi wa biashara na vyakula. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo hapa Kisumu, na kwa kawaida dai hupaswa kufikishwa huko ndani ya miaka 3.