Udongo wa jaani na wadudu tusiowaona

Suala ninaloulizwa sana msimu huu ni hili: bwana shamba, nichukue udongo wa jaani nitie bustanini? Najua kwa nini. Ni mweusi, laini, haununuliwi, na mchicha unatoka mzuri.

Taka zilizooza hazina neno. Neno liko kwenye vilivyotupwa pamoja nazo: betri za gari na za tochi, mabati ya kutu, maredio mabovu. Humo mna risasi, zinki, kadimiamu. Hizi ni metali nzito, na metali haiozi. Ukishaitia shambani imekaa.

Wa kwanza kuumia ni vijidudu vya udongo, kabla hata mmea haujaonesha kitu. Hivyo ndivyo vinavyoozesha samadi, na kwenye mizizi ya kunde vinakaa ndani ya vinundu vikivuta naitrojeni ya hewani, yaani urea ya bure. Kule Woburn, Uingereza, shamba la majaribio lilitiwa tope la maji machafu ya mji tangu 1942 hadi 1961. Zaidi ya miaka 20 baadae ikapandwa klova, jamaa ya kunde. Ikadumaa, njano. Vinundu vilikuwepo, lakini vidogo na vyeupe, havifanyi kazi. Sumu ya miaka ile ilikuwa bado ipo.

Hapa Pemba mashamba hayalingani. Chini ya mikarafuu majani yanaanguka na kuoza kila siku, ardhi haichimbwi ovyo, na mboji ile inazishika metali zisitembee. Vijidudu vina chakula na vina kinga. Bonde la mpunga ni jengine: maji yakisimama, kadimiamu hufungwa na salfa ya matope, bonde likikauka karibu na mavuno, inafunguka. Na mvua ikinyesha, cha juu mlimani kinateremka bondeni, kwa hiyo jaa la jirani yako ni lako pia. Bustani za mboga karibu na mji ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Zinalimwa mfululizo, zinatiwa udongo wa jaani, na tungule zinapigwa dawa ya shaba kila mara. Shaba nayo haiondoki.

Anayeona ni maneno ya vitabuni aulize Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Risasi iliingia udongoni na kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kama umeshautia, panda kunde mistari miwili, mmoja hapo na mmoja kwenye udongo wako wa zamani, bila urea. Wiki ya sita chimba, using'oe, kisha pasua vinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu vinafanya kazi, peupe, havifanyi. Samadi nyingi na udongo mkali pia hupunguza vinundu, kwa hiyo jibu la uhakika ni la maabara, kama ile ya udongo ya SUA, Morogoro.

Huku ukingoja, tia mboji na chokaa, maana udongo mkali huziachia metali. Mchicha na muhogo visipandwe hapo. Na betri mbovu usiipasue wala usiitupe. Mpe fundi anayezirudisha kwa wanunuzi, ikiwa nzima na asidi yake ndani.