Maji Yaliyo Kati ya Banio na Mtambo

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya mitambo midogo ya umeme iendeshwayo kwa nguvu za maji katika mabonde ya milimani. Watu wengi husema kuwa mitambo hii haina dhara lolote, kwa kuwa haichomi mafuta wala haitoi moshi, na maji yaliyokwisha kufanya kazi hurudi mtoni. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Tukiifuata njia ya maji hatua kwa hatua, tutaona faida yapatikana wapi, na ni nani aulipaye gharama yake.

Kwanza na tueleze kazi yenyewe. Juu bondeni hujengwa banio, yaani ukuta mfupi wa mawe au zege uukatao mto, ili sehemu ya maji igeuzwe na kuingia mferejini. Mfereji huo hupita ubavuni mwa mlima ukishuka polepole, hali mto wenyewe washuka kwa kasi. Hata baada ya mwendo wa kilometa moja au zaidi, mfereji huwa juu sana na mto chini sana. Hapo maji hutulia katika birika ili mchanga uzame, kisha huingia katika bomba kubwa na kuporomoka mpaka chini, yakalipiga gurudumu liitwalo turbini. Turbini huzungusha jenereta, nayo jenereta hutoa umeme. Ndipo maji yarudipo mtoni.

Nguvu ipatikanayo hutegemea mambo mawili, wingi wa maji na kimo cha maporomoko. Lita 100 zikianguka kila sekunde kutoka kimo cha meta 100, zaweza kutoa kilowati 70 hivi, baada ya kuondoa nguvu inayopotea njiani. Yakumbukeni mambo hayo mawili, maana ndiyo asili ya matata yote. Mwenye mtambo hutaka maji mengi, tena hutaka mfereji mrefu ili apate kimo kikubwa. Na kadiri mfereji uzidivyo urefu, ndivyo kizidivyo kile kipande cha mto kilichoondolewa maji yake, kati ya banio na mtambo.

Basi kipande hicho ndicho tutakachokitazama. Wakati wa masika mto hufurika, na maji yaliyochukuliwa hayaonekani kuwa yamepungua. Wakati wa kiangazi mambo ni mengine. Maji ni machache, na mtambo huyataka yote wakati uleule ambapo mama ataka kuchota, ng'ombe wataka kunywa, na bustani ya bondeni yataka kumwagiliwa. Mto ukiachwa na maji membamba, hupata joto upesi jua likiwaka. Wadudu wadogo wa mawe ya mtoni hupungua, na samaki walao wadudu hao hupungua pamoja nao. Samaki wapandao mto kwenda kutaga mayai hulikuta banio limewafungia njia. Tena barabara ikichimbwa mlimani kwa kupeleka mabomba bila ya kuwekewa mitaro mizuri, mvua ya kwanza huuteremsha udongo wote mtoni.

Mtambo mmoja waweza kuvumilika. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Ikijengwa mitambo sita katika bonde moja, kila mmoja ukiupokea mto pale ulipouachia mwenzake, mto huo utakaa mabombani karibu njia yote. Kila mtambo waitwa mdogo, wala si uongo. Lakini hasara ya bonde zima si ndogo hata kidogo.

Hata hivyo hatukuja kuutukana umeme. Kijiji kilichokaa gizani miaka yote chajua thamani yake. Mashine ya kusaga iendeshwayo kwa umeme humwondolea mwanamke kazi ya kutwanga, au safari ndefu ya kubeba mahindi kichwani. Katika zahanati mkunga huona akifanyacho usiku wa manane, na chanjo hukaa katika baridi ipasayo. Mtoto wa shule husoma bila ya kuvuta moshi wa kibatari. Lakini yafaa tuseme pia umeme huo usiyoweza kuyatenda. Jiko moja la umeme hula kilowati moja au mbili. Basi majiko 70 tu yakiwashwa pamoja yataumaliza ule mtambo wa kilowati 70 tuliouhesabu. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba taa zikiwaka, kuni zitaacha kukatwa siku hiyohiyo. Na msitu wa juu ukikatwa, chemchemi hukauka, na mtambo wenyewe hukosa maji.

Wenyeji wa Kilimanjaro watatuelewa upesi katika jambo hili, kwa kuwa wazee wao waliyageuza maji ya mito yao zamani sana, kwa mifereji waiitayo mifongo. Kila mfereji ulikuwa na wazee wake. Zamu za maji zilijulikana. Aliyekosa kuja kuzibua mfereji alitozwa faini, na maji ya usiku yaliwekwa katika mabwawa madogo yasipotee bure. Ugomvi ulikuwapo, lakini ulikuwa na mahali pa kuamuliwa, maana wenye mfereji waliishi kandokando yake. Mfereji wa mtambo waweza kuwa na mwenyewe mmoja tu, naye akaa mbali, wala hapiti kamwe kwenye kile kipande kilichokauka.

Na tuone yaliyotokea ambako watu wa bondeni hawakuulizwa. Katika nchi ya Bosnia na Herzegovina, kusini mashariki ya Ulaya, serikali iliahidi bei nzuri kwa umeme wa mitambo midogo, na wenye mali wakaja kuomba vibali mto kwa mto. Mto mmoja waitwa Kruščica, nao huwapa watu maji ya kunywa, si wa kijijini tu bali na wa mijini. Ilipojulikana kwamba mitambo miwili itajengwa juu yake, wanakijiji walisimama darajani mwezi wa Agosti 2017 ili magari ya ujenzi yasipite. Wanawake ndio waliotangulia mbele, wakidhani kwamba polisi hawatathubutu kuwapiga wanawake. Tarehe 24 Agosti 2017, alfajiri, polisi waliwaondoa kwa nguvu, na baadhi yao waliumizwa. Lakini walirudi, wakalilinda daraja kwa siku 503, usiku na mchana, kwa mvua na kwa theluji. Mwezi wa Desemba 2018 vibali vya mitambo hiyo vikafutwa. Mmoja wa wanawake hao, Maida Bilal, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2021; na mwaka 2022 bunge la Shirikisho, ambalo ni sehemu moja ya nchi hiyo, likapitisha sheria ya kukataza ujenzi wa mitambo midogo mipya. Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Jambo ambalo lingeweza kuzungumzwa barazani kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, liliishia katika fimbo, mahakama na sheria.

Sasa turudi kwetu. Huko Mawengi, wilaya ya Ludewa, katika milima ya kusini ya Tanzania, ulijengwa mtambo wa kilowati 300 kwa msaada wa shirika la Kiitaliano liitwalo ACRA. Pamoja na mtambo iliundwa jumuiya ya watumiaji, iitwayo LUMAMA, ili wanavijiji wenyewe wawe na neno katika kuuendesha. Mtambo wa Mawengi una banio, mfereji na bomba kama mitambo mingine. Lakini pale aketipo barazani mtu ambaye mkewe huchota maji mtoni, kile kipande cha kati hakisahauliwi.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 juu ya rasilimali za maji yatangulia kuyaweka matumizi ya nyumbani na uhai wa mto mbele ya matumizi mengine. Lakini sheria haitembei mtoni kupima maji. Watu ndio wapimao. Kwa hiyo, mgeni akija bondeni kwenu na habari njema ya mtambo, mpokeeni kwa heshima, kisha mwulizeni maswali haya. Banio litakaa wapi, na maji yatarudi wapi? Kati ya mahali hapo pawili, ni nani achotaye, anyweshaye au alimaye bustani? Katika mwezi ulio mkavu kupita yote, ni lita ngapi kwa sekunde zitaachiwa mto, na ni nani kati yetu atakayezipima? Je, kijiji cha kipande kile nacho kitapata umeme, au nyaya zitapita juu ya mapaa yake kwenda kwingine? Na ni nani atakayeulinda msitu wa juu?

Akijibu vizuri, na majibu yakaandikwa, basi na aje na saruji yake, nasi tumsaidie kubeba mawe. Akisema kwamba maji yote hurudi mtoni na kwa hiyo hakuna la kuulizwa, mshikeni mkono kwa upole, mwende naye kwa miguu kutoka banio mpaka mtambo, mkikifuata kile kipande cha kati. Huko atawaona watu ambao maji hayawarudii, kwa kuwa hurudi chini ya nyumba zao.