Mteja Akileta Kipande cha Sare Umskanie, Soma Hii Kwanza

Huku Myamba kazi ya skani siyo vyeti tu. Kwaya ina sare za zambarau, waimbaji wameongezeka sita, mama mweka hazina anakuja na kipande: "Mwanangu, niskanie nitume Kariakoo, waniletee hii hii." Pesa ni ya michango hiyo. Kitambaa kikija tofauti, kimeshakatwa, dukani hawakipokei tena, na nauli ya kushuka Same kufuata mzigo imeshaliwa.

Shida iko kwenye mashine yenyewe. Nyingi ya printa zetu hizi za tatu kwa moja hazina taa nyeupe. Zina taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, zinawaka kwa zamu kwenye kila mstari. Mwanga wa rangi zilizo katikati ya hizo taa haupo, kwa hiyo kitambaa kikiwa kinang'aa hapo mashine haijui, ila jicho lako juani linaona. Ndiyo maana vitambaa viwili vinavyofanana juani vinaweza kutoka tofauti kwenye skani, na vinavyotofautiana vikatoka sawa. Mimi zambarau ndiyo inanitesa kuliko zote. Ule ukanda mweupe ambao mashine inajipimia ndani unasawazisha mwanga tu, haifundishi zambarau ni ipi.

Kuna kadi inaitwa IT8, ina vibao vingi vya rangi ambazo vipimo vyake vinajulikana. Unaiskani, kisha programu ya bure kama ArgyllCMS inatengeneza profaili ya kurekebisha mashine yako. Kama unasafisha picha za zamani za harusi na misiba, inalipa. Lakini kadi ya kawaida ni karatasi ya picha, kwa hiyo kwa kitambaa usiitegemee sana.

Bila kadi, zima marekebisho ya rangi yanayojiendesha yenyewe, maana hayo yanabahatisha. Weka kitu cha kijivu pembeni ya kipande, fungua skani kwenye Paint, gusa kijivu uone namba tatu. Zikipishana sana, rangi imeegemea upande.

Kwa sare ninaskani ua na mistari tu, na rula pembeni ili muuzaji aone ukubwa. Rangi inakwenda na kitambaa chenyewe: nakata kipande mara mbili, kimoja kwenye bahasha kwa basi, kingine anabaki nacho mama. Mzigo ukifika wanalinganisha nje, juani, kabla mkasi haujagusa.