Msichana Asiyevunja Ungo: Daktari Hutafuta Nini?

Katika kidato cha pili mkoani Singida si ajabu kumkuta msichana wa miaka 14 ambaye bado hajavunja ungo. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, na kabla ya uwele na mtama kuvunwa chakula huwa haba katika nyumba nyingi. Mwili usio na akiba ya mafuta huahirisha hedhi, ndivyo unavyojihami. Basi wengi wanaochelewa hawana ugonjwa wa tezi. Lakini sababu hiyo ya kawaida huzifunika zile za nadra: mwenye kasoro halisi huambiwa asubiri kama wenzake, na miaka hupita.

Kungoja kuna mpaka wake. Msichana aliyefika miaka 13 bila dalili yoyote ya kuota matiti, au miaka 15 bila kupata hedhi, hana budi kupimwa.

Upimaji hauanzi na mitambo. Huanza na maswali, na la kwanza ni la mimba, kwani mimba huweza kutungwa hata kabla ya hedhi ya kwanza. Anayeumwa tumbo kila mwezi huenda homoni zake ni timamu, ila utando umeziba njia ya damu. Huyo hutibiwa kwa upasuaji mdogo. Kuumwa kichwa, kutoona vizuri pembeni, na kutokwa maziwa bila kunyonyesha humwelekeza daktari kwenye uvimbe katika pituitari, tezi ndogo kama njegere iliyo chini ya ubongo. Ndevu na sauti nzito huelekeza kwenye tezi zilizo juu ya figo, au kwenye ovari.

Kisha hupimwa damu. Pituitari huziamrisha ovari kwa homoni iitwayo FSH. Ovari hujibu kwa kutoa estrojeni, na estrojeni ikitosha amri hupungua. Ovari zisipojibu, pituitari huzidisha amri, na FSH hupanda mno. Kasoro ikiwa katika pituitari yenyewe, au mwili ukiwa na njaa, FSH haipandi. Hivyo kipimo kimoja humwonyesha daktari kama atafute kichwani au kwenye ovari.

Tuseme FSH imepanda, na msichana ni mfupi kuliko dada zake wote. Mwaka 1938 Henry Turner, daktari wa Marekani, alieleza habari za wasichana wa namna hii: wafupi, wasiopevuka, wengine wenye mikunjo ya ngozi shingoni. Mwaka 1959 Charles Ford na wenzake huko Uingereza walionyesha chanzo chake: kromosomu 45 badala ya 46, kwa kuwa X moja imekosekana. Hali hii humpata mtoto mmoja hivi kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Kwa kawaida hairithiwi. Si kosa la mama, wala si mkono wa mtu. Akili zao kwa jumla ni za kawaida, ingawa wengi huona hesabu kuwa ngumu, jambo ambalo mwalimu hupaswa kulijua kabla hajamwita mvivu.

Kromosomu hazihesabiwi katika zahanati, na rufaa kutoka Singida huweza kumfikisha mgonjwa Dodoma, kilomita zipatazo 240, au Muhimbili, Dar es Salaam. Kimo, hata hivyo, hupimwa popote penye ukuta na futi. Shule inayoandika vimo vya wanafunzi kila muhula humwona mapema yule ambaye mstari wake umelala wakati wa wenzake unapanda. Asiyetibiwa huishia karibu sentimita 145.

Mapema ni neno zito hapa. Homoni ya kukuza mwili, ambayo ni ghali sana, haifai kitu mifupa ikishakomaa. Estrojeni huotesha matiti na kuimarisha mifupa, nayo huanzishwa kwa kiasi kidogo kidogo. Tena kuna moyo: baadhi ya wasichana hawa huzaliwa na mshipa mkuu wa damu uliobanwa, na dalili yake ya kwanza huweza kuwa shinikizo la damu lililo juu mkononi na dogo mguuni.