Pikapu Yako Yabeba Kilo Ngapi?

Asubuhi moja ufukoni Dunga niliwakuta wenzetu watano wakiizunguka pikapu kuukuu ya milango minne, waliyoinunua kwa shirika. Walikuwa wakijiandaa kwenda Maseno kupakia magunia 20 ya mahindi, kisha wateremke mpaka Kisumu. Nikawauliza, "Gari hili labeba uzito gani?" Mmoja akajibu, "Tani moja, mwalimu. Ndivyo alivyosema aliyetuuzia."

Neno la muuzaji si kipimo. Fungua mlango wa dereva, utazame nguzo yake. Usipoona kitu, funua boneti. Tafuta kibati cha chuma kilichopigiliwa na kiwanda. Kisafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, wala usikikwangue kwa kisu, usije ukafuta tarakimu.

Katika vibati vingi vya magari ya Ulaya, namba za uzito hufuatana hivi. Ya kwanza ni uzito wote wa gari pamoja na dereva, abiria, mafuta na mzigo. Ya pili, iliyo kubwa kupita zote, ni gari pamoja na tela. Ya tatu ni ekseli ya mbele, na ya nne ni ekseli ya nyuma. Wengi hukosea kwa kuishika ile ya pili. Gari la zamani la Uingereza au Marekani huenda likaandikwa kwa ratili. Gawanya kwa 2.2, utapata kilo.

Kibati cha wenzetu kilisema kilo 2,600. Katika logibuku, uzito wa gari tupu ulikuwa kilo 1,600. Tofauti ni 1,000: ndiyo ile tani moja. Lakini pikapu ya milango minne hubeba watu pia. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Zilibaki 650, yaani magunia 13 ya kilo 50. Magunia saba yalizidi.

Tazama na magurudumu. Namba 100 ubavuni mwa tairi, kabla ya herufi ya mwendo, maana yake tairi hilo hubeba kilo 800, si zaidi. Wala usidanganyike kwamba kuongeza vyuma vya springi huongeza mzigo. Breki na ekseli ni zile zile, na ni breki zitakazokusimamisha mtelemkoni. Ukiwa na shaka, lipeleke gari tupu kwenye mizani.

Wenzetu walileta magunia 13 siku ile, na saba kesho yake. Gharama ya mafuta ilipanda, lakini wote watano walirudi Dunga salama. Tamaa mbele, mauti nyuma. Basi nawe, kabla ya mavuno, tafuta kibati chako, ufanye hesabu, na uiandike ndani ya mlango pale dereva aionapo kila siku.