Mfungwa Aumiapo Kazini, Nani Amlipe?

Ni magari machache humu nchini ambayo hayajabeba kazi ya mikono ya wafungwa. Kwa miaka mingi vibao vya nambari za usajili vimekuwa vikitengenezwa katika gereza la Kamiti. Kwingineko wafungwa hupasua mbao, hushona nguo na kulima mashamba. Na palipo na misumeno na mashine, ajali hazikosi. Je, mfungwa akikatika vidole kwa mashine ya serikali, ana haki gani?

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 humlinda mwajiriwa. Nayo hufasili mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara chini ya mkataba wa kazi, pamoja na mwanagenzi. Mfungwa hana mkataba. Hakuomba kazi wala hawezi kujiuzulu. Kwa fasili hiyo, anabaki nje ya ua wa sheria hata kama anatoka jasho lile lile.

Sisi tunaoshughulika na lugha twaona jambo hapa. Maneno "mfungwa" na "mwajiriwa" yote mawili ni ya kutendwa: mmoja amefungwa, mwingine ameajiriwa. Ama "mfanyakazi" ni jina la mtenda. Afanyaye kazi ndiye mfanyakazi, awe na mkataba au asiwe nao. Msumeno nao hauulizi mkataba kabla ya kukata.

Waingereza, ambao tulirithi kwao sehemu kubwa ya sheria zetu, wamelikabili suala hili. Mwaka 1957 mahakama yao ilikataa kuhesabu karakana ya gereza kuwa kiwanda, kwa hoja kwamba baina ya gereza na mfungwa hakuna uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Lakini mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya msimamizi wa jikoni katika gereza la Swansea, aliyeumizwa mgongo mwaka 2007 mfungwa alipomwangushia gunia la mchele. Ilisema kwamba wizara yawajibika kwa uzembe wa mfungwa huyo, maadamu kazi yake ilikuwa sehemu ya shughuli za gereza. Basi, ikiwa serikali yaweza kuujibia mkono wa mfungwa unapomuumiza mtu mwingine, kwa mantiki gani isiujibie unapoumia wenyewe?

Si kwamba mfungwa wa Kenya amefungiwa mlango wa mahakama. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba aliye kizuizini hubaki na haki zake zote, ila zile zisizopatana kabisa na hali ya kuzuiliwa. Aweza kuishtaki serikali kwa uzembe. Hata hivyo, mwajiriwa hahitaji kuthibitisha uzembe ili alipwe fidia, ilhali mfungwa sharti authibitishe. Mashahidi wake ni wafungwa wenzake na askari wanaomlinda. Kumbukumbu za ajali ziko mikononi mwa mshtakiwa. Isitoshe, madai ya namna hiyo dhidi ya serikali hayana budi kufikishwa mahakamani katika muda wa miezi 12. Anayesubiri kumaliza kifungo cha miaka mitano ndipo atafute wakili, atakuta haki imekwisha kumpita.

Wapo watakaosema kwamba mhalifu hastahili kuonewa huruma. Lakini hili si suala la huruma. Hakimu alimhukumu miaka, hakumhukumu vidole. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaagiza kwamba mfungwa aliyeumia kazini afidiwe kwa masharti yasiyopungua yale ya mfanyakazi huru. Agizo hilo si geni: lilikuwamo katika kanuni za mwaka 1955.

Bunge laweza kulitatua jambo hili kwa kupanua fasili moja tu, ili mfungwa aliyepangiwa kazi ahesabiwe kuwa mwajiriwa kwa madhumuni ya fidia. Pamoja na hayo, kila ajali gerezani iandikwe siku ile ile, na majeruhi apewe nakala ya taarifa ya daktari. Wahenga walitufunza kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Atakapotoka gerezani, mtu huyu atatarajiwa kujitafutia riziki kwa njia ya halali. Ataitafuta kwa mkono upi?