Mkasi wa Duka la Dawa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mkasi. Ni ule unaokaa juu ya kaunta ya duka la dawa, karibu na bahasha za karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nakohoa. Nikaingia katika duka moja la dawa hapa Dar es Salaam, jina lake sitalitaja, nikaomba vidonge sita vya rangi mbili. Naam, niliviomba kwa rangi, kama mtu anunuaye kitenge. Binti aliyekuwa akiuza aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," nami nikaitikia. Hakuniuliza neno jingine. Alitoa karatasi ya vidonge, akaikata kwa mkasi, akatia kipande katika bahasha, akaandika "1 x 3", akapokea fedha. Haikufika dakika moja, nami nilitoka nikimsifu moyoni kwa wepesi wake.

Siku ya pili nikajisikia nafuu, nikaacha dawa. Vidonge vitatu vikabaki kwenye droo, na bahasha ikapotea. Baada ya wiki kadhaa mjukuu wetu akashikwa na homa usiku. Mke wangu akafungua droo, akasema, "Hizi si ndizo zilizokuponya wewe? Tumpe mtoto kimoja." Nikakipeleka kile kipande kwenye taa. Jina la dawa lilikuwa limekatwa katikati, na tarehe ya mwisho wa matumizi ilibaki kule dukani, kwenye upande wa pili wa mkasi. Tulibishana mpaka mtoto akasinzia. Alfajiri tulimpeleka kituo cha afya, akatobolewa kidole, akakutwa na malaria. Vidonge vya rangi mbili tunavyoviomba madukani mara nyingi ni vya kuua bakteria, na vijidudu vya malaria si bakteria. Tungempa kile kidonge, tungekaa siku nzima tukingoja kimsaidie, huku malaria ikizidi kupanda.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza: hivi duka la dawa linatakiwa kufanya nini hasa? Wengi wetu huliona kama duka la sabuni na chumvi, ila lina harufu ya hospitali. Kisheria sivyo. Hapa Tanzania Bara Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, ndilo linalosajili wafamasia na kutoa vibali vya majengo ya biashara ya dawa. Dawa yenyewe, ubora wake na usajili wake, iko chini ya TMDA, chombo ambacho hadi mwaka 2019 kilijulikana kama TFDA na kilishughulika na chakula pia. Zanzibar wana chombo chao.

Maduka nayo hayalingani. Famasi ipo chini ya mfamasia na huruhusiwa kuuza dawa za aina nyingi, zikiwemo zile zinazotaka cheti cha daktari. Kisha lipo Duka la Dawa Muhimu, ambalo wengi bado tunaliita kwa jina la zamani, duka la dawa baridi. Mpango wa maduka haya ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003. Ilionekana kwamba watu wa vijijini na pembezoni mwa miji walikuwa wakipata dawa kwa watu wasio na mafunzo, na mara nyingi dawa ambazo maduka yale hayakuruhusiwa kuuza. Serikali ikaamua kuwafundisha watoa dawa, kukagua majengo, na kuruhusu orodha fupi ya dawa muhimu, zikiwemo baadhi za kuua bakteria na ile dawa mseto ya malaria. Kuchoma sindano hakumo katika ruhusa hiyo. Ukiona mtu anachomwa sindano nyuma ya pazia la duka la dawa, ujue hapo mambo yameharibika.

Sasa turudi kwenye ile "1 x 3", kwa maana hapo ndipo wengi tunapoangukia. Tunaisoma "moja mara tatu", tunameza asubuhi kwa chai, mchana kwa ugali, na jioni kabla ya taarifa ya habari. Lakini maana yake ni kila baada ya saa 8. Mtu anayemeza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni ameuacha mwili wake saa 13 za usiku bila dawa ya kutosha, na bakteria hawalali. Dawa mseto ya malaria nayo ina hesabu yake: dozi 6 kwa siku 3, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili iingie mwilini vizuri. Idadi ya vidonge hufuata uzito. Mtoto wa kilo 18 humeza 2 kwa kila dozi, mtu mzima 4. Muuzaji asiyeuliza uzito wa mtoto atajuaje?

Mtoa dawa aliyefundwa huuliza dawa ni ya nani, ana umri gani, ni mjamzito au ananyonyesha, anatumia dawa gani nyingine, na kama ipo dawa iliyowahi kumdhuru. Mswahili ukimuuliza hivyo anakasirika, anaona anachunguzwa. Mimi pia. Duka la kwanza nililoingia siku ile ya kikohozi, na hili sikulisema mwanzoni, dada mmoja aliniuliza nakohoa tangu lini, kisha akasema, "Baba, hizo siwezi kukupa bila cheti. Nenda ukapimwe." Nikaona ananipotezea muda. Nikavuka barabara kwenda kwa yule mwenye mkasi.

Tukitumia nusu dozi, bakteria dhaifu hufa na wale sugu hubaki wakizaana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa maambukizo ya bakteria walioshinda dawa. Nalo Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au haina ubora. Ndiyo sababu namba ya toleo na tarehe vinapigwa chapa kwenye kila karatasi ya vidonge, na ndivyo hivyo mkasi unavyovitupa. Joto nalo huharibu. Dawa nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na kibanda cha bati hapa mjini mwezi wa Februari hakifiki hapo hata kwa kubembelezwa.

Simlaumu yule binti peke yake. Nilirudi dukani kwake, nikamwuliza mwenye cheti kilichotundikwa ukutani yuko wapi. Akatazama chini, akasema, "Huja mwisho wa mwezi." Yeye ameajiriwa, mwenye mali anahesabu mauzo ya jioni, na cheti kinafanya kazi bila mwenyewe. Makosa ya namna hiyo hupelekwa kwa Mfamasia wa Halmashauri au kwenye Baraza lenyewe, na risiti husaidia sana. Mimi risiti sikuidai. Hata hivyo nimeandika barua, nikaeleza siku, mtaa na jinsi nilivyohudumiwa. Vile vidonge vitatu nimevikabidhi famasi ya hospitali wakaviteketeze, na mfamasia aliyevipokea naye alishindwa kuniambia vilikuwa vinakwisha lini.